Jengo la Zamani Halijilindi: Sheria ya Turathi na Mkazi wa Nairobi

Uzio wa mabati ukizungushwa jengo kuukuu katikati ya Nairobi, utasikia watu wakihakikishiana kituoni na kwenye makundi ya WhatsApp: hilo haliguswi, ni la tangu enzi za mkoloni. Imani hiyo imetugharimu. Wanaolipenda jengo hukaa wakingoja sheria ifanye kazi yake, kumbe hakuna aliyewahi kulipeleka jengo hilo mbele ya sheria. Tingatinga likishafika, ndipo watu huanza kuulizana ni ofisi gani ilipaswa kulizuia.

Nchini Kenya, umri peke yake haulindi jengo la mjini. Uzuri wake haulilindi, wala kupendwa na mtaa mzima. Ulinzi huja kwa tangazo lililochapishwa, na tangazo hilo huanza na mtu fulani kuandika barua. Ukilielewa hilo, mengi mengine yanayotatiza kuhusu turathi yataanza kueleweka, na utajua ni wakati gani sauti yako ina nguvu na ni wakati gani umechelewa.

Kumbuka pia kwamba mji wetu ni mchanga. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, mahali pa kuweka vyuma na mbao kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Majengo ya kwanza yalikuwa ya mabati na mbao, na soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto mwaka 1902 baada ya tauni kuzuka. Kwa hivyo tunapozungumzia majengo ya zamani ya Nairobi, tunazungumzia hasa karne iliyopita. Hakuna ngome ya karne ya 16 hapa kama Fort Jesus kule Mombasa. Anayetaka kutetea nyumba ya mwaka 1925 hana budi kueleza kwa nini ina maana, kwa sababu miaka yake haitamshangaza mtu.

Tangazo la Waziri

Sheria kuu ni Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Kifungu cha 25 kinampa Waziri anayehusika na turathi mamlaka ya kutangaza, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yaani shirika la makumbusho ya taifa, kwamba mahali fulani au jengo fulani ni turathi inayolindwa. Tangazo hilo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lile linalotoka kila Ijumaa. Linaweza kuhusu jengo lenyewe, ardhi lililosimama juu yake pamoja na eneo linalolizunguka, au hata uwanja wa wazi usio na jengo.

Yapo maneno katika sheria hiyo ambayo wengi hawajayasikia: jengo laweza kuwa la umri wowote. Kinachotakiwa ni thamani yake, iwe ya kihistoria, kitamaduni, kisayansi, kiteknolojia au ya usanifu. Maneno hayo yanafungua mlango mkubwa. Ukumbi wa mtaa uliojengwa miaka ya 1960, ambamo vyama vya wafanyakazi vilikutana, una nafasi sawa mbele ya sheria na jumba la gavana wa zamani. Kwa maoni yangu hapo ndipo tumelala zaidi, maana macho yetu huenda moja kwa moja kwenye nguzo na matao ya wazungu.

Tangazo likishachapishwa, sheria inatoa miezi miwili ya pingamizi. Mwenye jengo anaweza kupinga, na mtu mwingine yeyote mwenye sababu pia. Muda huo ukiisha, Waziri huzingatia pingamizi zilizowasilishwa kisha anathibitisha tangazo au kuliondoa. Mkazi anayelitakia jengo mema naye asiipoteze miezi hiyo, kwa sababu mwenye nyumba anayeogopa hasara hatakaa kimya. Barua ya kuunga mkono, yenye historia na picha, humfikia Waziri kwenye meza ileile inayofikiwa na barua ya kupinga.

Namna ya kujua kama jengo limetangazwa? Usiamini kibao cha shaba kilichobandikwa ukutani. Kibao kinaweza kusema nani alifungua jengo na mwaka gani, bila kusema lolote kuhusu ulinzi. Uliza Makavazi ya Kitaifa, ambayo makao yake makuu yako Museum Hill na ambayo ina idara inayoshughulikia maeneo ya kale na turathi. Tafuta tangazo kwenye matoleo ya Gazeti Rasmi, mengi yakiwa mtandaoni. Ukitafuta, nenda na nambari ya ploti, maana mara nyingi matangazo ya serikali hutambulisha ardhi kwa nambari hiyo, na jina ambalo mtaa mzima hulitumia huenda halimo kabisa. Nambari ya ploti hupatikana kwa kufanya upekuzi katika sajili ya ardhi, ama kupitia Ardhi House ama kwenye mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021. Upekuzi huo pia utakuonyesha kama kuna zuio lolote lililoandikwa juu ya hati. Anayenunua jengo la zamani asitosheke na hati safi. Aulize Makavazi kwa maandishi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Ofisi yoyote ya umma ikikuzungusha, kumbuka kwamba Katiba katika Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi iamue ombi lako ndani ya siku 21. Andika ombi, lipe tarehe, weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wakikunyima, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman.

Ulinzi unabadilisha nini

Hofu ya kwanza ya mwenye jengo ni kwamba serikali itamnyang'anya. Haimnyang'anyi. Umiliki unabaki kwake, na Ibara ya 40 ya Katiba inamhakikishia haki ya mali. Serikali ikitaka kuitwaa ardhi yenyewe, lazima ifuate utaratibu wa kutwaa kwa lazima na imlipe fidia. Kutangazwa kwa jengo ni jambo jingine: ni serikali kudhibiti matumizi, jambo ambalo Katiba inaliruhusu pia. Mwenye jengo anaweza kuliuza, kulirithisha, kulikodisha na kufanyia biashara ndani. Asichoweza ni kulibomoa, kulipanua au kulibadilisha sura bila idhini ya Makavazi. Akifanya hivyo ametenda kosa la jinai.

Mfano ulio wazi zaidi uko Kenyatta Avenue. Kipande House ilijengwa mwaka 1913, na baadaye ikawa mahali Waafrika walipoandikishwa na kupewa kipande, kile kitambulisho kilichobebwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Leo ni tawi la benki ya KCB. Watu huingia kuweka pesa na kutoa pesa, na jengo limesimama. Hatua chache kutoka hapo, kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, iko ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, nayo pia ya mwaka 1913. Vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa humo. Ilitangazwa kuwa turathi mwaka 1995 na sasa ni Nairobi Gallery. Majengo haya mawili yanatosha kumjibu anayesema kwamba ulinzi huligeuza jengo kuwa pango la popo.

Lakini mwenye jengo ana lalamiko moja ambalo ni la haki. Akishatangaziwa, gharama ya matengenezo inabaki mfukoni mwake, na matengenezo ya jengo la zamani si ya bei rahisi. Kuta za mawe zilizojengwa kwa chokaa zinahitaji chokaa. Fundi akizipiga plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani, jiwe huanza kumomonyoka kutoka nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache ya mvua ukuta uliodumu miaka 90 unabambuka. Vigae vya Mangalore vilivyoletwa kwa meli kutoka India havipatikani kirahisi, na mafundi wanaojua kuvipanga wamepungua. Sheria inaruhusu Makavazi kuingia mkataba na mwenye jengo na kuwa mlezi wake, na hilo ni jambo la kuulizia mapema. Hata hivyo, nchi inayowaomba watu binafsi watunze kumbukumbu ya taifa ingepaswa kuwachangia zaidi ya inavyofanya sasa. Nasema hivyo kwa sababu jengo lililopuuzwa hufa pia. Paa likivuja miaka kumi, mbao zikaoza, kuta zikapasuka, mwenye jengo atakwenda kaunti kusema ni hatari kwa umma, na atakuwa anasema kweli.

Tazama Maktaba ya McMillan, pale Banda Street. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya William Northrup McMillan, na hadi mwaka 1958 ilikuwa ya wazungu peke yao. Ina sheria yake yenyewe ya Bunge. Kwa karatasi, ni vigumu kulipata jengo la Nairobi lenye ulinzi mkubwa kuliko huo, na bado lilichakaa kwa miongo mingi, rafu zikajaa vumbi. Kilicholibadilishia mwelekeo ni watu. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, wakakubaliana na kaunti kuzirejeshea uhai McMillan na matawi yake mawili ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji, yaani Kaloleni na Makadara. Matawi hayo mawili yalishughulikiwa kwanza, na watoto wa mitaa hiyo wanayatumia.

Nyumba ya Murumbi na kaburi la Murumbi

Kuna kisa kimoja ambacho kila mkazi wa Nairobi anayejali mambo haya anapaswa kukijua. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya pamoja na mkewe Sheila hazina kubwa ya sanaa za Kiafrika, vitabu na nyaraka. Miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na sehemu ya mkusanyiko wake, akitumaini kwamba mahali pale pangekuwa taasisi ya masomo ya Kiafrika. Haikuwa. Nyumba iliachwa, ikabomolewa, na ardhi yake ikagawanywa. Ahadi ya serikali, hata kwa mtu aliyewahi kuwa wa pili kwa Rais, haikutosha bila kitu chenye nguvu ya sheria kilichowekwa juu ya ardhi yenyewe.

Alipofariki mwaka 1990, Murumbi alizikwa City Park, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mpigania uhuru aliyeuawa mwaka 1965. City Park nayo ilikuwa imemegwa vipande kwa miaka mingi. Wakazi walijikusanya katika kundi la Friends of City Park, wakapaza sauti, na mwaka 2009 bustani ikatangazwa kuwa turathi chini ya sheria ile ya 2006. Sehemu iliyobaki ipo. Makaburi ya Murumbi na Pinto yapo, pamoja na bustani ya sanamu za mkusanyiko wake. Na sehemu ya hazina yake ya sanaa sasa inaonyeshwa Nairobi Gallery, ndani ya jengo lililotangazwa. Mtu ni yuleyule. Kilichokuwa na tangazo kimebaki, kisichokuwa nalo kimekwenda.

Viwanja vya wazi vina historia yake ya kupiganiwa hata kabla ya sheria hii. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kuzuia mnara wa ghorofa 60 Uhuru Park, akatukanwa hadi Bungeni, na mnara haukujengwa. Mwaka 1991 Zarina Patel, mjukuu wa mfanyabiashara A. M. Jeevanjee, aliongoza kampeni ya kuiokoa Jeevanjee Gardens, bustani ambayo babu yake aliitoa kwa watu wa mji mwaka 1906. Wote wawili walikuwa raia bila cheo, na serikali ya wakati ule haikuwa ya kuchezewa.

Lamu na Mombasa zina kitu ambacho katikati ya Nairobi tunakikosa. Kule, mji wa kale wote huhifadhiwa kama eneo moja, pamoja na vichochoro vyake, baraza, milango na urefu wa majengo. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Nairobi, ulinzi umekuja jengo kwa jengo. Matokeo yake unaweza kuwa na jengo moja lililotangazwa, limebanwa pande zote na vioo vya ghorofa 20, huku Biashara Street, yenye maduka ya familia zilizofanya biashara hapo kwa vizazi kadhaa, ikiendelea kubadilika duka baada ya duka. Mtaa wa namna hiyo thamani yake iko katika mstari mzima. Ukiutetea kwa jengo mojamoja utashindwa, kwa sababu hakuna duka lolote pale ambalo peke yake litaonekana la kipekee.

Kibali cha kubomoa

Jengo ambalo halijatangazwa halikosi sheria kabisa. Katiba imegawa kazi: turathi za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa ni za serikali ya kitaifa, na upangaji wa miji na uendelezaji wa ardhi ni wa kaunti. Kwa hivyo mwenye ploti yoyote ndani ya Nairobi anayetaka kuendeleza ardhi anahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Asiyekuwa nayo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa miezi isiyozidi miwili, au yote mawili. Nusu milioni mbele ya faida ya jengo la ghorofa ni pesa ya chai, na yeyote anayesema faini hiyo inazuia watu hajawahi kukaa na wajenzi. Sheria inataka pia ardhi irudishwe ilivyokuwa, lakini ukuta wa mawe yaliyochongwa kwa mkono ukishageuzwa kifusi, hakuna amri itakayouinua. Ndiyo maana kazi yote ni kabla.

Ukiona uzio wa mabati, tafuta kibao cha mradi. Kinapaswa kuonyesha mwenye mradi, mkandarasi, nambari ya idhini ya kaunti, ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi na ya leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Piga picha. Nenda nayo kaunti kwenye idara ya mipango uulize kama nambari hizo ni za kweli na zimeidhinisha nini hasa, maana idhini ya kukarabati paa si idhini ya kubomoa. Kama hakuna kibao, lipeleke hilo kwa maandishi kwa kaunti na kwa Mamlaka ya Ujenzi siku hiyohiyo.

NEMA ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inapoeleza maana ya mazingira, inataja yale ya asili na yale yaliyojengwa na binadamu. Mtaa wako wenye nyumba za mawe na miti ya jakaranda ni mazingira kisheria. Mradi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari, na wakazi wanapaswa kuulizwa. Wengi hutia sahihi fomu ya maoni inayoletwa mlangoni na kijana mwenye ubao wa kuandikia bila kuisoma. Isome. Andika kwamba kuna jengo la kihistoria, litaje kwa jina na kwa nambari ya ploti, na udai ripoti ieleze litafanyiwa nini. Leseni ikitolewa licha ya hayo, una siku 60 za kukata rufaa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira. Kwa uamuzi wa kaunti kuhusu idhini ya ujenzi, muda wa kwenda kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za upangaji ni mfupi sana: siku 14. Wiki mbili hupita kabla kikundi cha mtaa hakijakubaliana tarehe ya mkutano.

Njia ya mwisho ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi yanayotunzwa kwa ajili ya vizazi vya sasa na vijavyo, na Ibara ya 70 inasema anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Huhitaji kuwa jirani wala mwenye hisa. Omba kwanza amri ya muda ya kusimamisha kazi, kwa sababu kesi ya miaka mitatu juu ya jengo lililobomolewa wiki ya kwanza haina faida.

Mpangaji yuko wapi katika haya?

Hapa pana mkanganyiko unaoumiza watu kweli. Mwenye duka River Road au fundi saa wa Moi Avenue husikia kwamba jengo lake ni la turathi, akadhani hawezi kuhamishwa. Sheria ya turathi inalinda jengo. Haimlindi aliye ndani yake. Mwenye jengo anaweza kulihifadhi vizuri kabisa huku amepandisha kodi hadi fundi saa ameondoka na mkahawa wa kifahari umeingia.

Ulinzi wa mpangaji wa biashara uko kwingine, katika sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301. Kama huna mkataba wa maandishi, au mkataba wako hauzidi miaka mitano, wewe huenda ni mpangaji anayelindwa chini ya sheria hiyo. Mwenye jengo hawezi kukufukuza kwa kufunga kufuli wala kwa ujumbe wa simu. Lazima akupe notisi ya maandishi katika fomu iliyowekwa, ya angalau miezi miwili, yenye sababu. Kukusudia kubomoa au kujenga upya ni mojawapo ya sababu zinazokubalika, na hutumika sana. Ukipata notisi ya namna hiyo, iwasilishe katika jopo la mizozo ya kodi za biashara kabla siku yake haijafika, kisha dai ushahidi wa hiyo nia: ramani zilizoidhinishwa ziko wapi? Na kama jengo limetangazwa, idhini ya Makavazi iko wapi? Hapo ndipo sheria mbili hukutana na kumsaidia mpangaji, ingawa hakuna hata moja iliyoandikwa kwa kufikiria nyingine.

Wapangaji wa nyumba za kaunti kule Eastlands wako kwenye hali ngumu zaidi, nami naona suala lao ndilo zito kuliko yote ya turathi mjini. Pangani ya kwanza, kijiji cha Waswahili na Wakikuyu, kilibomolewa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wake wakapelekwa Shauri Moyo. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, mateka wa vita wa Kiitaliano wakifanya kazi ya ujenzi, nyumba za mawe zikipangwa kuzunguka viwanja vya wazi. Ukumbi wake wa kijamii uliitwa Bunge na wenyeji kwa sababu wanasiasa wa kupigania uhuru walikutana humo. Pumwani, katika Majengo, bado zipo nyumba za mpango wa Kiswahili, ujia katikati na vyumba pande zote mbili, kila chumba na mpangaji wake. Hiyo ndiyo historia ya Mwafrika kuishi Nairobi, maana Kenyatta Avenue alikuja kufanya kazi na jioni akatakiwa kuondoka.

Mitaa hii ya zamani ya baraza la jiji imo kwenye mipango ya kujengwa upya kwa maghorofa, na Pangani ya nyumba za kaunti tayari imeshabadilishwa. Watu wanahitaji nyumba, na simlaumu mama mwenye watoto watano katika chumba kimoja chenye choo cha nje akiutaka mradi huo. Ila kuna chaguo kati ya kubomoa kila kitu na kuacha kila kitu. Ukumbi, maktaba, uwanja wa katikati na safu moja ya nyumba zinaweza kutangazwa na kubaki, na maghorofa yakajengwa kando. Hilo linawezekana tu likisemwa wakati ramani bado ni penseli. Katika vikao vya maoni ya umma, wakazi huzungumzia haki ya kurudi na kiwango cha kodi, na ni sawa. Waongeze swali la tatu: ni kipi cha mtaa huu kitaachwa kimesimama? Waombe jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kuandika barua yenyewe

Mtu yeyote anaweza kuiomba Makavazi ya Kitaifa ichunguze jengo na kulipendekeza kwa Waziri. Barua nzuri haihitaji wakili. Inahitaji nambari ya ploti, mahali lilipo, mwaka wa kujengwa au makadirio yenye msingi, nani alilijenga na nani alilitumia, picha za nje na za ndani kama zinapatikana, na maelezo ya hatari inayolikabili sasa. Sehemu ngumu ni ushahidi wa maana yake. Nenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, pale Moi Avenue, utafute ramani na barua za zamani. Waulize wazee wa mtaa, rekodi sauti zao kwa ruhusa yao, andika majina ya mahali kama wanavyoyataja. Kanisa, msikiti au hekalu la karibu mara nyingi lina daftari zenye tarehe ambazo serikali haina. Muulize mwenye jengo pia. Akikubali, njia inakuwa fupi sana, na wengine hukubali kuliko tunavyotarajia, hasa watoto na wajukuu wa waliojenga.

Peleka nakala kwa idara ya mipango ya kaunti, ili ombi la kubomoa likija, afisa asiseme hakujua. Mkiwa wengi, andikieni pia bunge la kaunti: sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi kuhusu jambo lolote lililo chini ya mamlaka ya bunge hilo, likiwemo kutunga sheria. Mtaa mmoja ukiomba kaunti iwe na orodha yake ya majengo ya kuhifadhiwa na kanuni za maeneo kama Biashara Street, ombi hilo litasomwa. Mitaa kumi ikiomba, mwakilishi wa wadi anayetafuta kura mwaka 2027 atalazimika kulizungumzia.